Asilimia ya Nini?

Kuna kauli naisikia kila ninapoingia darasa jipya la mwaka wa kwanza. "Mwalimu, mimi ni mtu wa HKL, hesabu tuliachana Kidato cha Nne." Anayeisema, aliyesoma Historia, Kiswahili na Kiingereza, huisema kwa furaha, na wenzake hucheka kwa sababu wengi wao wana hadithi hiyohiyo. Hapa Tanzania, mwaka nenda mwaka rudi, wanaofaulu Hisabati katika mtihani wa Kidato cha Nne hawafiki hata theluthi moja ya walioufanya. Mimi nafundisha stadi za mawasiliano, kwa hiyo siwagombezi. Nasubiri tu matokeo ya muhula yatoke.

Siku hiyo ukipita kwenye korido utawakuta wamejibanza ukutani, simu mkononi, wanapiga GPA. Somo la krediti 12 limetoa A, la krediti 8 limetoa C. Hakuna hata mmoja anayejumlisha tano na mbili, akagawa kwa mbili, akasema amepata 3.5. Wote wanajua kwamba tano inazidishwa kwa 12, mbili inazidishwa kwa nane, jumla ni 76, na 76 ukigawa kwa 20 unapata 3.8. Wanajua pia ni somo lipi, likipanda kutoka C hadi B, litakalomtoa mtu 3.4 na kumfikisha 3.5, yaani kutoka daraja la pili la chini kwenda la pili la juu. Hiyo ni hesabu ya wastani wenye uzito. Ukiiandika ubaoni kwa herufi za Kigiriki, nusu ya darasa itaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Kwa hiyo sikubali kwamba hawajui hesabu. Ninachoona ni kwamba hawakuwahi kuambiwa jambo moja: namba haisimami peke yake. Kila sehemu ni sehemu ya kitu fulani, na kila asilimia ni asilimia ya kitu fulani. Shuleni kitu hicho kiliitwa x, na x haikuwahi kumdai mtu kodi ya chumba.

Mimi mwenyewe somo hilo nililipata kwa shangazi yangu. Aliishia Darasa la Nne, na kwa miaka mingi amekuwa kijumbe wa mchezo mtaani kwao. Watu 12, kila mmoja anatoa shilingi 50,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao anapokea 600,000. Ukimuuliza nani amefaidi, hasemi kwamba wote wamepata sawa. Wa kwanza, anasema, amekopeshwa na wenzake bila riba. Wa mwisho amewakopesha wenzake bila riba, na mchele alioupigia hesabu mwezi wa kwanza hautakuwa bei ileile mwezi wa 12. Ndiyo maana zamu ya kwanza haimpi mgeni. Anayepokea mapema ndiye anayeweza kutoroka akiwa na deni, na anayepokea mwisho ndiye anayebeba hatari ya wengine wote. Wachumi wana vitabu vinene kuhusu mambo hayo, yeye ana daftari la kurasa 48.

Siku moja alifika kwake kijana wa kampuni ya mikopo midogo, nadhifu, mwenye fulana ya kazini na fomu mkononi. Akamwamkia vizuri, akaketi, akaeleza: mkopo wa shilingi milioni moja, miezi sita, riba asilimia 10 tu kwa mwezi.

"Kumi ya nini, mwanangu?"

"Ya mkopo, mama."

"Mkopo wa siku ya kwanza, au ule utakaokuwa umebaki mkononi mwangu?"

Kijana akacheka kidogo, akasema ule wa mwanzo, ndiyo utaratibu wa ofisi. Shangazi akamkaribisha chai na maandazi, akamshukuru, na fomu ikarudi ilikotoka.

Nilipofika nyumbani nilikaa na kalamu nione alichokiona yeye kwa kichwa. Kwa utaratibu wa ofisi ile, asilimia 10 ya milioni moja ni 100,000, na kwa miezi sita ni 600,000. Jumla ya kulipa ni 1,600,000. Sasa chukua asilimia 10 ileile, lakini ihesabiwe kwenye deni lililobaki. Kila mwezi unarudisha sehemu moja ya sita ya milioni, kama 166,667. Mwezi wa kwanza riba ni 100,000 kwa sababu bado una milioni nzima. Mwezi wa pili unadaiwa kama 833,000, na riba yake inakuwa 83,000 na kitu. Mwezi wa sita umebakiwa na deni la 167,000, na riba haifiki hata 17,000. Jumlisha miezi yote sita, riba ni 350,000. Tangazo ni lilelile, "asilimia 10 kwa mwezi", na tofauti ni shilingi 250,000. Ukitaka kujua riba halisi ya mkopo ule wa kwanza, ile inayohesabiwa kwa pesa uliyo nayo kweli mkononi, ni zaidi ya asilimia 15 kwa mwezi.

Mtaani mikopo ya namna hii inaitwa kausha damu, na watu wengi husema damu inakauka siku wadai wanapokuja kubeba makochi na friji. Kwa maoni yangu inaanza kukauka pale asilimia 10 inapotajwa na hakuna anayeuliza kumi ya nini. Na huhitaji kwenda ofisini kwa mtu siku hizi, mkopo unao kwenye simu. Umeomba 100,000, umeingiziwa 90,000 kwa sababu ada imekatwa mapema, na baada ya wiki moja unarudisha 100,000. Wenyewe wanaiita asilimia 10. Lakini hukukopa laki moja, ulikopa elfu tisini. Elfu kumi juu ya elfu tisini ni zaidi ya asilimia 11, kwa wiki moja.

Nimeona wahitimu wenye shahada nzuri wakiduwaa mbele ya hati ya mshahara wa kwanza. Barua ya ajira ilisema 900,000, benki imeingia chini ya 600,000, na mtu anaamini kabisa kuna aliyemla. Tuichambue. Tuseme ni sekta binafsi, Tanzania Bara, mchango wa hifadhi ya jamii wa asilimia 10: zimeondoka 90,000, zimebaki 810,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi. Kwa viwango vilivyowekwa 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi milioni moja ni asilimia 25, na zaidi ya hapo ni asilimia 30. Mhitimu wetu amefika kwenye daraja la asilimia 25, na hapo ndipo roho humruka. Lakini asilimia 25 ya nini? Ni ya zile 50,000 tu zilizovuka 760,000. Kodi yake yote ni 68,000 za madaraja ya chini na 12,500 za daraja hili, jumla 80,500. Haifiki asilimia 10 ya 810,000.

Kuna watu wazima, wenye familia, wanaoogopa nyongeza ya mshahara eti itawapandisha daraja la kodi na kuwaacha na pesa kidogo kuliko mwanzo. Haiwezekani. Kiwango cha juu hakirudi nyuma kugusa shilingi za chini. Anayeelewa hilo hawezi kutishwa na mhasibu yeyote.

Makato ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, kwa aliyesoma kwa mkopo wake kama mhitimu wetu, yanafuata mantiki tofauti, na ndiyo yanayouma zaidi. Asilimia 15 inahesabiwa kwenye mshahara wa msingi, si kwenye kilichobaki baada ya kodi. Kumi na tano ya 900,000 ni 135,000. Toa 90,000, toa 80,500, toa 135,000, unabaki na 594,500. Hakuna aliyeibiwa. Ila hesabu hii ingefanywa mwaka wa kwanza, siku bumu la kwanza, yaani pesa ya mkopo huo, linapoingia na watu wanakwenda kununua simu, pengine simu ingekuwa ya bei nyingine.

Ardhi nayo ina mtego wake, na mtego huo hauhitaji hata mtu kusema uongo. Pembezoni mwa Dar es Salaam viwanja vinatangazwa "ishirini kwa ishirini". Mnunuzi anasikia mita. Dalali anapima kwa miguu, yaani hatua zake, na hatua ya mtu wa kawaida inaweza kuwa sentimita 80 tu. Mwanafunzi wangu mmoja aliposikia hivyo alisema haraka kwamba hasara ni asilimia 20. Kwa upande mmoja wa kiwanja, ndiyo. Lakini kiwanja hakina upande mmoja. Mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400, na hatua 20 kwa 20 zenye urefu huo ni mita 16 kwa 16, yaani mita za mraba 256. Imepotea zaidi ya theluthi ya eneo, asilimia 36, na choo na shimo la maji taka vitagombania nafasi na chumba cha watoto. Kamba ya kupimia inauzwa dukani kwa bei ndogo sana kuliko kiwanja hicho.

Wakulima wanajua jambo hilo kwa jina la lumbesa. Gunia la kilo 100 likiongezewa kichuguu juu na kushonewa kamba likafika kilo 130, bei ya gunia ikabaki 60,000, kilo moja haiuzwi tena 600. Inauzwa 461 na kitu. Tunakemea lumbesa sana kwenye hotuba, lakini sijaona mtaala wa chuo cha ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii unaomfundisha ofisa wa kijiji kukaa na mkulima na kugawa 60,000 kwa 130.

Nikitaka kuwaamsha wanafunzi wa sheria, hasa wanaotoka Zanzibar na Pwani, nawapa suala la mirathi. Hapo hakuna anayesinzia, kwa sababu kila mmoja ana shamba la babu kichwani. Yule Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kitabu chake cha karne ya tisa ndicho kilichoipa aljebra jina, alitumia sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na urithi. Si ajabu. Sheria ya Kiislamu inagawa urithi kwa sehemu: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi, sudusi. Kadhi asiyejua sehemu hawezi kutoa hukumu.

Suala lenyewe ni hili. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, moja ya nane, kwa kuwa marehemu ana watoto. Mabinti wawili wana theluthi mbili kwa pamoja. Baba ana sudusi, na mama ana sudusi. Nawaambia wajumlishe. Wanatafuta namba inayogawanyika kwa nane, kwa tatu na kwa sita, wanapata 24. Mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumla 27. Ishirini na saba ya ishirini na nne! Hapo kelele huanza. Mmoja atasema mabinti wapunguziwe, mwingine atasema mjane ndiye wa nje, apunguziwe yeye, na darasa zima linageuka kikao cha ukoo.

Wanazuoni walilitatua kwa njia inayoitwa auli. Hapunguzwi mtu mmoja, wanapunguzwa wote kwa uwiano uleule: mali igawanywe mafungu 27 badala ya 24, na kila mmoja abaki na idadi yake ya mafungu. Kama mali ni shilingi milioni 27, mke anapata milioni 3, mabinti milioni 16 yaani nane kila mmoja, baba milioni 4, mama milioni 4. Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa moja ya tisa, kisha akaendelea na hotuba. Suala hilo hadi leo linajulikana kwa jina la mimbari. Tatu ya 27 ni moja ya tisa kweli, na kila mrithi mwingine naye amepunguziwa moja ya tisa ya haki yake.

Lakini kabla ya yote hayo kuna lile swali la shangazi. Thumuni ya nini? Si ya kila kilichoonekana ndani ya nyumba siku ya msiba. Kwanza zitoke gharama za mazishi, madeni ya marehemu yalipwe, wasia utekelezwe bila kuzidi theluthi, ndipo kilichobaki kigawanywe. Niliwahi kukaa kwenye kikao ambapo mjane alikuwa akipewa thumuni ya nyumba peke yake, na akaunti ya benki na mashine ya kusaga zikapita kimya kimya upande wa pili. Waliokuwa wakigawa walikuwa wasomi wa dini kuliko mimi, na sehemu walizitaja bila kukosea. Sehemu ilikuwa sahihi, kitu kinachogawanywa ndicho kilichopunguzwa. Binti yake mmoja, mwalimu wa Kiswahili, ndiye aliyeuliza kwa upole kama daftari la mali zote linaweza kusomwa upya.

Wanaosomea uandishi wa habari ninawabana zaidi, kwa sababu kosa lao linasambaa. "Ajali zaongezeka kwa asilimia 100" kinaweza kuwa kichwa cha habari cha kijiji kilichokuwa na ajali moja, sasa zimekuwa mbili. Ufaulu ukipanda kutoka asilimia 20 hadi 25, mpenda serikali ataandika umepanda kwa asilimia 25, mpinzani ataandika umepanda kwa pointi tano, na wote wawili wamesema kweli. Msomaji ndiye anayedanganyika. Dukani nako ni vivyo hivyo: mfanyabiashara anayeandika bei ya 118,000 ikiwa na VAT ya asilimia 18 ndani yake, asikubali kuambiwa kodi ni asilimia 18 ya 118,000, yaani 21,240. Kodi ilihesabiwa kwenye 100,000. Ni 18,000, basi.

Mikeka ya kubashiri mechi sitaizungumzia sana, vijana wameshachoka kuhubiriwa. Namba moja inatosha. Umechagua mechi 10 ambazo kila moja una uhakika nayo kwa asilimia 80, na huo ni uhakika mkubwa kuliko alionao kocha. Asilimia 80 ni ya mechi moja. Ya mkeka mzima ni 0.8 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara kumi, nayo ni karibu asilimia 11. Mikeka tisa kati ya kumi itachanika, na hakuna aliyekuroga.

Inayonikera zaidi ni ile biashara ya "lete watu sita". Tunaikumbuka DECI, ambako watu walikuwa wanapanda pesa kama mbegu na kusubiri kuvuna hadi ikasimamishwa 2009, na tangu hapo zimekuja nyingine nyingi kwa majina ya Kiingereza na programu za simu. Wewe unaleta sita, kila mmoja wao analeta sita, hao ni 36, kisha 216, kisha 1,296. Endelea hivyo. Mzunguko wa kumi peke yake unahitaji watu 60,466,176. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, wakiwemo watoto walioko mgongoni na wazee wasiotoka kitandani. Huhitaji kuchunguza kama mwenye kampuni ni mwaminifu. Hata angekuwa mcha Mungu kiasi gani, watu wanaisha.

Sasa nirudi chuoni, maana malalamiko yangu ni ya huko. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analazimishwa kusoma stadi za mawasiliano, na ni sawa kabisa. Ndiyo ugali wangu. Lakini yule wa HKL anaweza kumaliza shahada yake bila mtu hata mmoja kumfungulia hati ya mshahara au mkataba wa mkopo. Nimesikia hoja kwamba hesabu hizi ni za Darasa la Saba na haziwezi kupewa krediti. Kama ni za Darasa la Saba, mbona zinawashinda wenye shahada? Ninaomba muhula mmoja tu. Usiwe na uthibitisho wa kanuni wala herufi za Kigiriki. Nyaraka ziwe halisi, na mwalimu awe yeyote anayejua soko, hata mhasibu mstaafu. Mtihani uruhusu kikokotoo cha simu, kwa sababu maisha yanakiruhusu. Kuzidisha kumeshapata mashine. Kuuliza "ya nini" bado ni kazi ya mtu.

Muhula huo ukisubiriwa, wewe uliye na mkataba mezani na kalamu mkononi, mwambie mkopeshaji aandike chini ya karatasi hiyohiyo jumla ya shilingi utakazorudisha, kwa tarakimu na kwa maneno, kabla hujaweka saini.